Moyo wa Jenerali

Paka akilia usiku, mtu hugeukia upande wa pili akaendelea na usingizi wake. Lakini Jenerali alilia asubuhi kweupe, Jumamosi, watu wako kwenye chai, na ule haukuwa mlio wa paka hata kidogo. Yasinta alikuwa barazani kwake, mtaa wa Bombambili, Songea, anashona sare za kwaya. Aliruka mpaka kiti kikaanguka, akidhani kuna mtoto kamwagikiwa na uji wa moto.

Alimkuta Jenerali uani, karibu na karo, anajikokota kwa miguu ya mbele. Ya nyuma ilikuwa inaburuzika tu nyuma yake kama tambara la kupigia deki. Na huyu muda mfupi uliopita alikuwa analamba maziwa yake, mkia juu, paka mkubwa kuliko mbwa wengine wa mtaa ule na aliyekuwa akiwatia adabu mbwa hao! Sasa mdomo wazi, anahema, macho yamemtoka pima. Kila Yasinta alipomgusa mgongo, alipiga ukelele, na Yasinta naye akapiga wa kwake.

"Kalishwa sumu!" alipayuka mpaka barabarani. "Na aliyemlisha ninamjua!"

Alikuwa anamsema Kunegunda, jirani wa ukuta kwa ukuta, muuza dagaa na samaki wa Nyasa. Jenerali alikuwa mwizi mstaafu wa samaki wale, mstaafu kwa jina tu, na Kunegunda alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba iko siku simba yule atazikwa. Basi siku ndiyo hiyo imefika, na maneno ya mtu ndiyo yanayomponza.

Sasa mjue kwamba Jenerali hakuwa paka wa kuokota jalalani. Yeye na dada yake, Malkia, waliachwa na Mzungu mmoja mtaalamu wa nyuki aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Walikuwa wa aina inayoitwa Maine Coon, wenye manyoya shingoni, masikio yenye vishungi, na mkia ambao ungeweza kufagilia ua. Mzungu alieleza kwamba hao ni paka wa ukoo unaojulikana mpaka kwa mababu. Yasinta, mjane na mshonaji, mama wa binti mmoja, Careen, aliwapenda kupita kiasi, na kosa lake lilitokana na mapenzi hayo hayo. Aliwaacha kaka na dada wazae. Mngoni ukimwambia aoe kwenye ukoo wake atatema mate chini akuulize kama una akili timamu. Lakini hawa ni paka bwana, mnyama ana ukoo gani? Ndivyo alivyosema, tena kwa kujigamba, kwamba hataki mbegu nzuri ichafuliwe na paka wa mitaani. Mtaa mzima ukaona ana akili, wakapanga foleni ya kuomba watoto wa Malkia, hata paroko akapewa wake.

Daktari George wa mifugo alifika na pikipiki, buti zake bado zina mavi ya ng'ombe aliotoka kuwatibu. Alipiga magoti, akashika unyayo wa mguu wa nyuma wa Jenerali, akamwita Yasinta aushike naye. Ulikuwa wa baridi. Si baridi ya asubuhi ya Songea, la, baridi ya nyama iliyotoka buchani, na ile miguu ya mbele ilikuwa na joto lake kama kawaida. Yasinta akaurudisha mkono wake haraka. George akafungua mkoba atafute sindano ya kumpunguzia maumivu, na kabla hajaivuta dawa kwenye bomba Jenerali akajinyoosha, akakojoa, akafa.

Yasinta alilia. Halafu, kama ilivyo kwa watu wenye hasira za karibu, kilio kikageuka kesi. "Mpasue, Daktari. Nataka hiyo sumu itolewe, iwekwe mezani kwa mwenyekiti wa mtaa."

"Mpasue!" sauti ikajibu kutoka mlangoni. Kunegunda alikuwa ameshaingia, kanga kiunoni, mikono ina magamba ya samaki. "Tena mpasue mbele yangu, na mimi nione hiyo sumu niliyonunua inafananaje. Na isipoonekana, huyu mama ataniomba radhi kwa sauti ile ile aliyonitukania. Barabarani!"

George akatandika mfuko wa mbolea chini ya mpera, akavaa glavu, akafanya kazi yake. Tumboni mlikuwa na maziwa na ukoko wa ugali, basi. Utumbo safi, ini safi. Kunegunda alianza kutikisa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza kwaya anayoipenda. Kisha George akautoa moyo, akaupima kiganjani. Akaukata katikati kwa kisu, akaufunua.

"Njooni muone. Huu ukuta unatakiwa uwe mwembamba. Huu ni mnene mara mbili, tatu. Umenenepa kuelekea ndani mpaka chumba cha damu kimekosa nafasi, hata kidole changu kidogo hakiingii. Damu ikikaa humo inaganda." Akafuata mshipa mkubwa mpaka unapogawanyika kwenda miguuni, akaupasua, akatoa donge jeusi kwa ncha ya kisu. "Hili ndilo lililomwua miguu. Hakuna sumu hapa, mama Careen. Paka wako kazaliwa na huu moyo."

"Kazaliwa nao vipi? Si alikuwa mzima!"

"Wanakuwa wazima. Ndio ubaya wake. Anakula, anaruka, anacheza, miaka inapita na moyo unanenepa kimya kimya. Unatembea kwenye damu ya hawa paka wa ukoo, mzazi mmoja tu akiwa nao inatosha. Na wewe umezalisha kaka na dada?" George akaguna. "Basi Malkia apimwe, na hao watoto uliogawa nao wapimwe wote."

Kunegunda akasafisha koo. "Haya. Naisubiri radhi yangu."

George alikuwa karoni ananawa mikono, na alisema yaliyofuata bila kugeuka, kama watu wanavyosema maneno wakati mikono ina shughuli. "Wala si paka tu. Binadamu nao wanao, ugonjwa ule ule. Mnawasikia vijana wanaoanguka uwanjani? Mtu ana mbio zake, ana nguvu zake, anaanguka, kwisha. Huku kwetu tunasema karogwa."

Yasinta alikuwa anaukunja ule mfuko. Mikono yake ikasimama.

Rupert, mume wake, alifia kwenye tope. Alikuwa na miaka thelathini na minne, wanatoka Lusewa kwao kwenye mavuno ya tumbaku, gari likanasa, wanaume wakashuka kusukuma. Alisema, "Haya, kwa pamoja!" na akacheka, akalala kifudifudi. Wenzake wakacheka pia wakidhani kateleza. Careen alikuwa bado mgongoni. Msibani kila mtu alijua kilichomwua, ugomvi wa shamba na baba yake mdogo, Yohanes, ambaye tangu hapo hakukanyaga kwa ndugu zake.

Na kabla ya ndoa hiyo, jamani, si uchunguzi ulifanyika? Ulifanyika, tena vizuri. Baba mkubwa wa Yasinta, mzee Eusebi, alikwenda Lusewa kuchunguza ukoo kama inavyopasa, akanywa pombe ya komoni na majirani, akauliza mmoja mmoja. Kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna vichaa, wezi, wachawi? Akarudi anasugua viganja, ukoo msafi kabisa, mwozesheni mtoto. Vifo vya ghafla alisimuliwa, tena vyote. Lakini vile havikuwa ugonjwa. Vile vilikuwa mkono wa mtu, na aliyerogwa hahesabiwi kwamba aliumwa. Ndiyo maana hakuna aliyeviweka kwenye mizani.

Yasinta alichukua simu. Akabonyeza jina la mama mkwe wake, Kasiana, kule Lusewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkamwana. Mnaendeleaje huko?" Kasiana alikuwa anapiga kelele kama kawaida yake, hakuamini kwamba simu inasikia.

"Mama, samahani sana. Wifi Anjelika alikufaje?"

"Unaniuliza marehemu kwenye simu, Yasinta?"

"Naomba, mama."

"Alikuwa anatwanga. Msichana mwenye mikono yake miwili, siku ile anatwanga na kuimba. Akasema, 'Mama, naona giza.' Nikamwambia jua kali, kaa kivulini. Akalala juu ya kinu." Sauti ya bibi ikaanza kukwaruza. "Na baba yenu, banini, kwenye banda la kukaushia, anapandisha majani ya tumbaku. Vile vile. Lakini tunamjua aliyefanya, Mungu anamwona."

Yasinta hakukumbuka alivyoaga. Alichokumbuka ni Kunegunda amesimama mbele yake, hasira yote imemtoka usoni, anauliza kwa sauti ndogo, "Mama Careen, mtoto wako si anakimbia leo?"

Anakimbia! Leo mashindano ya shule za sekondari, wanachagua timu ya mkoa, na Careen ndiye tegemeo lao la mita mia nane. Aliondoka alfajiri na raba zake mgongoni. Simu wanafunzi hawaruhusiwi. Yasinta akashika ukuta.

"Usianguke wewe sasa," Kunegunda akamwambia. "Tutaanza kumbeba nani?" Akatoka barabarani, akapiga mluzi wa vidole viwili kama kondakta, bodaboda ikasimama. Wakapanda mshikaki, watatu pikipiki moja, Kunegunda katikati na magamba yake.

Njia nzima Yasinta alisali, na sala haikwenda mbali. Alianza Salamu Maria, akifika "saa ya kufa kwetu" anakatika, anaanza upya. Alimwona Careen akiwa mdogo anakimbizana na mbuzi. Alimwona jana tu anavyopanda mlima na ndoo kichwani, na yeye mama akisema, "Mwanangu ana pumzi, karithi kwa baba yake." Alisema hivyo! Kwa majivuno! Akamwambia dereva aongeze mwendo, dereva akasema, "Mama, nikiongeza tutafika wote kaburini," na Yasinta akampiga begani kwa neno lile.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Mistari ya mbio ilichorwa kwa majivu. Yasinta aliwasukuma watoto wa watu mpaka akafika kwenye kamba, na alipofika bunduki ilikuwa imeshalia kitambo. Wasichana walikuwa wanamaliza mzunguko wa kwanza, na Careen alikuwa wa tatu, mabega yametulia, mrefu, anakimbia kana kwamba ardhi haimgusi.

Akafungua kinywa amwite. Akakifunga.

Maana nikimwita, akawaza, atashtuka. Moyo utaruka. Nisipomwita, ana mzunguko mzima mbele yake. Nikiingia njiani atasimama ghafla, na je, ubaya uko kwenye kukimbia au uko kwenye kusimama? Daktari hakusema. Sikumwuliza! Mama mzima nimeuliza mambo ya paka nikaacha ya mwanangu. Aliuma kanga yake. Kunegunda alimshika mkono, akaung'ang'ania.

Careen akampita wa pili. Shule yake ikalipuka kwa kelele, mwalimu wao wa michezo, Osmund, anarukaruka na kofia mkononi, "Ongeza! Ongeza, Careen! Toa yote!" Yasinta alitamani amzibe mdomo yule mwalimu kwa ngumi. Usitoe yote, mwanangu. Bakiza. Bakiza kidogo kwa ajili yangu. Kona ya mwisho, uso wa Careen ukabadilika rangi, kinywa wazi, na Yasinta akamwona Jenerali pale karoni, kinywa wazi vile vile, akafumba macho. Mungu amsamehe, alifumba macho, hakuweza.

Alisikia kelele za ushindi. Akayafumbua. Careen alikuwa wa kwanza, na alikuwa chini.

Yasinta alipita chini ya kamba. Hakujua kwamba naye bado anaweza kukimbia namna ile. Alifika, akamgeuza, akamkuta binti yake anacheka, majivu yamemjaa mashavuni.

"Mama! Umekuja! Umeniona?"

"Nimekuona." Alikuwa amemwekea kiganja kifuani. Moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayebisha hodi kwa fujo. "Unajisikiaje? Sema kweli."

"Mzima. Mwishoni tu huwa naona giza kidogo, halafu linapita. Ni kawaida, mama."

Kunegunda, aliyekuwa amewafikia akihema, alisikia neno lile, lile lile ambalo bibi alilipigia kelele kwenye simu. Alikaa palepale kwenye majivu kama mtu aliyesukumwa.

Wakampeleka Mbeya kwa daktari wa moyo. Careen alilazwa ubavu, akapakwa mafuta ya baridi, wakamwonyesha moyo wake kwenye kioo, ukifunguka na kujifunga. Yasinta hakuhitaji kutafsiriwa. Aliuona ukuta ule, mnene, na chumba kilichobaki ufa tu. Daktari alisema kwa upole kwamba wamewahi. Kuna dawa, kila siku. Wengi wanaishi nao mpaka uzee. Kukimbia mashindano, basi. Careen aliuliza kama kucheza ngoma kunaruhusiwa, akaambiwa polepole. Hakulia. Alizifunga raba zake kwenye mfuko, akamwachia mtoto wa mhudumu pale pale kwenye benchi, na safari nzima ya kurudi alitazama dirishani.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia nyumbani kwa Yasinta na mizigo yake yote. Sufuria ikidondoka jikoni, yeye yuko mlangoni. Careen akichelewa bafuni, anagonga. "Niko hai, mama," mtoto anajibu kwa hasira, na kila alipojibu Yasinta alishukuru hata kwa ile hasira. Radhi ya Kunegunda aliitoa barabarani kama ilivyodaiwa, kwa sauti, ila katikati alianza kulia, na mdai mwenyewe akamfunika kwa kanga akamrudisha ndani.

Yasinta alimpigia Kasiana kumweleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, jambo geni kwake.

"Kwa hiyo Yohanes hakufanya kitu," akasema hatimaye.

"Hakufanya, mama."

"Nyamaza nalo, mkamwana. Usiliseme hilo neno la ugonjwa wa ukoo. Watu watachunguza, Careen atakosa mume."

"Mama, kwangu neno hilo halikusemwa. Nimepata nini?"

"Umempata Careen," alisema Kasiana, na simu ikakatika, au aliikata.

Siku ya zamu ya Malkia, mama na binti walikwenda wote wawili kwenye kituo cha George, Careen amembeba paka kifuani, manyoya yanamtekenya kidevu. Malkia alikuwa ameshapimwa. Moyo wake ulikuwa umeanza kunenepa, kidogo. George akaandaa sindano huku akieleza, kwa lugha yake ya ng'ombe na mbuzi, lugha isiyo na kona.

"Tunamfunga kizazi leo. Dawa ya usingizi nitampa kidogo sana, nitamwangalia. Wenye wale watoto nao nimeshawaambia wasizalishe. Ugonjwa wa mbegu dawa yake moja tu, mbegu ikome."

"Na mimi, Daktari?"

George akageuka. Hapo ndipo alipomwona msichana aliyekuwa mbele yake. Alimtazama Yasinta kama mtu aliyekanyaga mtoto gizani.

"Mimi nina moyo ule ule," Careen aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ndiyo iliyotisha. "Na mbegu yangu ikome?" Halafu akamgeukia mama yake. "Babu Eusebi angejua, angewaambia. Wewe ungejua. Ungeolewa na baba?"

Yasinta alikuwa ameliogopa lile swali kuliko uwanja, kuliko Mbeya. Angeweza kusema ndiyo. Neno dogo, tamu, na mtoto angejua papo hapo kwamba ni uongo.

"Sijui," akasema. "Sijui, mwanangu. Nadhani ningeogopa. Nadhani ningekimbia, na wangenisifu kwamba nina akili." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Hilo ndilo linalonitisha siku hizi kuliko ugonjwa wenyewe. Kwamba ningekimbia, nikaolewa kwingine, nikaishi raha mustarehe, na wewe nisingekujua hata jina."

Nje ndama wa mtu alikuwa analia. Careen akainamisha kichwa, akaweka sikio kwenye ubavu wa Malkia, akasikiliza. Alipoinuka alimlaza paka juu ya meza ya bati, akamshika mabega kwa mikono yote miwili asiteleze.

"Huyu mfunge," akamwambia daktari. "Mimi niacheni kwanza."